Je, mtu ni mtumwa wa kazi yake?

Katika mji wa Lubumbashi, kama katika miji mingine mikubwa ya Kongo, kila asubuhi huonekana jambo lile lile. Jua halijatoka bado, na tayari vijana wengi wamesimama kando ya barabara za Katuba, za Kenya na za Ruashi, wakingojea teksi-basi ya kuwapeleka katikati ya mji. Wamevaa shati safi, viatu wamevipangusa vumbi, na mkononi wamechukua farde yenye karatasi. Wengine kati yao ni watu wa mshahara. Wengine hawana mshahara bado: wanakwenda kujifunza kazi tu. Hao ndio waitwao stajieri. Stajieri ni mwanafunzi aliyemaliza masomo yake, au aliye karibu kuyamaliza, naye huwekwa katika biro kwa miezi michache ili aone kwa macho yake kazi aliyoisoma katika vitabu. Mara nyingi halipwi kitu. Akibahatika, hupewa pesa kidogo za safari, asije akatembea kwa miguu. Malipo yake makubwa ni tumaini, huenda siku moja mkubwa wa biro atamwambia: «Baki hapa, tumekuandika.»

Msomaji na amwaze kijana mmoja wa namna hiyo. Jina lake si lazima, kwa maana wenziwe ni wengi. Alizaliwa kijijini, mtoto wa mkulima wa mihindi na mihogo. Mjini alikaa kwa mjomba wake. Alipoingia katika biro siku ya kwanza alifurahi sana. Aliona meza zilizopangwa, kompyuta, mihuri, na makabati yaliyojaa farde. Akasema moyoni: «Leo nimefika mahali ambapo watu hawachoki.» Ndivyo wanavyosema watu wa kijijini: kazi ya biro ni kazi ya kukaa kivulini.

Miezi miwili ikapita. Kijana alikuwa akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Je, kazi ilikuwa nyingi hata hivyo? Siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Mara nyingi alimaliza karatasi zake saa tisa alasiri, akabaki amekaa bure, kwa sababu mkubwa wa biro alikuwa amekaa bado, na hakuna aliyethubutu kutangulia mlangoni. Tena walikuwako stajieri wawili, na nafasi ilikuwa moja tu. Kila mmoja alimchungulia mwenziwe ili aone nani atachukua koti lake kwanza. Na hata aliporudi nyumbani, biro ilimfuata. Akiwa ameketi na jamaa kwenye bukari na sombe, simu ililia katika mfuko wake, naye akaacha tonge mkononi ili asome neno la mkubwa. Mwili wake ulikuwa mezani, lakini mwenyewe hakuwako.

Halafu, siku ya kazi tano, habari ikaja kutoka kijijini: nyanya yake, mama wa mama yake, aliyemlea tangu utoto, amefariki. Maziko yatakuwa siku ya posho. Lakini asubuhi ile ile kijana alikuwa amepewa ripoti ya kuandika, nayo itakiwe siku ya kazi moja. Akawaza usiku kucha. Mwishowe mjomba alikwenda peke yake kumzika mama yake, na kijana akabaki kuandika. Siku ya kazi moja alileta ripoti kwa mikono miwili. Mkubwa akasema: «Asante, weka hapo.» Akaitia katika sanduku la meza, na haikufunguliwa hata siku ya kazi tano.

Mjomba aliporudi hakumkaripia. Alimpa kikapu kidogo chenye karanga tu, akisema: «Nyanya yako alikuwekea hizi. Ni za mbegu.» Usiku ule kijana hakulala, bali alijiuliza: Je, kazi ndiyo iliyo mbaya? Kama kazi ni njema, kwa nini imenifanya mtu mbaya? Na kipimo cha kazi ni nini, tena ni nani anayekiweka?

Maulizo hayo si ya kijana huyo peke yake, wala si ya watu wa mjini peke yao. Yafaa kuyachungua moja moja.

1. Kazi ni njema

Mtu aliyeumizwa na kazi hupenda kusema kwamba kazi ni laana. Lakini asemaye hivyo anakosa. Mchagua jembe si mkulima, nayo mihogo haijipandi yenyewe. Kazi hulisha nyumba. Tena, pamoja na kulisha, humtengeneza mtu. Mtoto anayejifunza kulima hajifunzi kulima tu: anajifunza saburi, maana mbegu haimei kwa sababu umeikasirikia. Mhunzi hujifunza kutazama rangi ya moto. Mama anayefinyanga chungu hujifunza kwamba udongo uliokaushwa kwa haraka hupasuka.

Na kazi ya biro, je? Hiyo nayo ni kazi ya kweli. Karani akiandika vema jina la mtoto katika cheti cha kuzaliwa, amemsaidia mtu ambaye hatamwona kamwe. Akikosea herufi moja, siku moja mjane atatembea mwendo wa siku mbili ili kurudisha karatasi, naye atakuta mlango umefungwa. Kumbe aliyeketi kivulini aweza kumchosha aliye juani! Kwa hiyo watu wa kijijini wasiidharau kazi ya kalamu, na watu wa kalamu wasiidharau kazi ya jembe. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wamonaki kanuni yake, na katika sura ya 48 aliwagawia saa za mchana: saa hizi ni za kazi ya mikono, saa hizi ni za kusoma. Aliona kwamba uvivu huiharibu roho. Lakini aliona pia kwamba kazi isiyogawiwa saa zake itameza saa zote.

Basi jibu la ulizo la kwanza ni hili: kazi si mbaya. Mtu asitafute kupona kwa kukimbilia uvivu.

2. Hata chema kina kipimo chake

Chumvi ni njema, lakini hakuna mtu alaye bakuli la chumvi. Mvua ni njema, lakini mvua isiyokoma huozesha karanga ardhini. Ndivyo ilivyo kazi.

Wazee wa zamani walisimulia habari za Mtakatifu Antoni wa Misri, mkaa-pweke aliyefariki mwaka 356. Siku moja mwindaji alimkuta akicheka na kuzungumza na wanafunzi wake. Mwindaji akachukizwa, maana alidhani mtu mtakatifu hapumziki kamwe. Antoni akamwomba atie mshale katika upinde na kuuvuta. Akauvuta. Akamwomba auvute tena, na tena, na tena. Mwisho mwindaji akakataa: upinde ukivutwa kupita kiasi utavunjika. Antoni akamjibu kwamba watu nao ni hivyo hivyo. Kila mwindaji wa kijijini anafahamu neno hilo bila kufundishwa: akirudi nyumbani hulegeza kamba ya upinde. Je, halegezi kwa uvivu? La. Hulegeza ili kesho upinde uwe upinde bado.

Waganga wa siku hizi wamelipima jambo hilo kwa hesabu. Mwaka 2021 Shirika la Afya la Ulimwengu na Shirika la Kazi la Ulimwengu yalitangaza hesabu yao ya pamoja: katika mwaka 2016 peke yake, watu kadiri ya 745 000 walikufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa moyo, kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Mtu wa saa nyingi hivyo ana hatari ya kupooza iliyozidi kwa sehemu 35 katika mia kuliko mtu wa saa 35 mpaka 40. Wajapani hata wana neno lao kwa kifo cha namna hiyo: karoshi, maana yake kufa kwa kuzidi kazi. Neno halizaliwi bila jambo. Watu wakiwa na neno kwa kifo, ni kwamba wamekwisha kuzika wengi.

3. Kipimo hicho kilipatikana kwa taabu

Nani ameweka kipimo cha kazi? Katika sheria waliyopewa Waisraeli kwa mkono wa Musa, siku ya saba ni siku ya kupumzika. Wengi wanaijua amri hiyo, lakini hawatazami vema ni nani waliotajwa ndani yake. Hakutajwa bwana wa nyumba peke yake. Ametajwa mtumwa na mjakazi, ametajwa mgeni, wametajwa ng’ombe na punda. Maana yake ni kubwa. Pumziko si zawadi anayojipa tajiri akiisha kushiba, bali ni deni. Hata mnyama, asiyejua kusema, analidai.

Baadaye, mwaka 321, mfalme Konstantino wa Roma alitoa sheria kwamba siku ya Dominika waamuzi, watu wa mijini na mafundi wapumzike. Lakini wakulima aliwaruhusu kulima, kwa kuwa aliona kwamba saa njema ya kupanda ikipita hairudi. Msomaji wa kijijini aliweke neno hilo moyoni, kwa maana litarudi mbele.

Walakini sheria ya mfalme ni jambo moja, na maisha ya watu ni jambo jingine. Karne ya 19 ilipoleta viwanda vikubwa Ulaya, watu, wanawake, hata watoto wadogo walifanya kazi saa 12, saa 14, mpaka saa zaidi. Robert Owen wa Wales, ambaye mwenyewe alikuwa bwana wa kiwanda, alifundisha tangu mwaka 1817 kwamba siku igawiwe mafungu matatu sawasawa: saa nane za kazi, saa nane za mtu mwenyewe na saa nane za usingizi. Mwaka 1856 waashi wa Melbourne, katika nchi ya Australia, waliacha nyundo zao na kuupata mchana wa saa nane bila kupunguziwa mshahara. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wengi sana wa Marekani waligoma kwa ajili ya jambo lile lile, na katika mji wa Chicago damu ilimwagika siku chache baadaye. Ndiyo asili ya Sikukuu ya Kazi. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu barua yake juu ya wafanyakazi; alisema wazi kwamba si haki kumlemea mtu kwa kazi mpaka akili yake ipumbae na mwili wake uchakae, na kwamba wafanyakazi wana haki ya pumziko la Dominika. Mwaka 1919 mataifa yaliyokusanyika Washington yalipatana juu ya saa nane kwa siku na saa 48 kwa juma katika viwanda. Na mwaka 1921 yakapatana tena juu ya siku moja nzima ya pumziko katika kila siku saba.

Na Kongo? Hapa pia palikuwa na kipimo cha kale. Wakongo wa magharibi walihesabu juma la siku nne, wakifuata masoko: Nkandu, Konzo, Nkenge, Nsona. Kisha kazi ya wakoloni ikaja na hesabu yake. Sheria ya mwaka 1917 iliipa serikali nguvu ya kuwalazimisha watu wa vijiji kulima mashamba ya amri, kama ya pamba, muda wa siku 60 kwa mwaka. Na mwaka 1942, wakati wa vita, siku hizo zikawa 120. Katika migodi ya Katanga watumishi waligawiwa chakula mara moja kwa juma, na chakula hicho kiliitwa posho. Alama yake imebaki mpaka leo katika ulimi. Watu huhesabu kazi moja, kazi mbili, kazi tatu, kazi nne, kazi tano. Halafu siku ya posho. Halafu siku ya Mungu. Wengi wa Lubumbashi huliita juma zima kwa jina la posho. Tazama jinsi kazi ilivyoingia ndani: iliyapa majina hata mapambazuko! Siku tano ni za bwana wa kazi, moja ni ya tumbo. Ilibaki moja tu ambayo jina lake halikutoka kazini.

Leo sheria ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya kazi inaweka kipimo cha kazi kuwa saa 45 kwa juma na saa tisa kwa siku. Kipimo kiko, basi. Kimeandikwa. Watu waliteswa na kufa ili kiandikwe. Kwa nini basi yule kijana alikuwa akirudi saa tatu usiku?

4. Pumziko la mtu peke yake si pumziko kamili

Kabla ya kujibu, yafaa kuondoa kosa moja. Wengine husema: «Siku ya kupumzika ni siku tu. Kijana angepumzika siku nyingine baada ya kumaliza ripoti, na hesabu ingelingana.»

Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 1929 serikali ya Urusi ya Kisovieti iliona kwamba siku ya Dominika mashine zote zinalala bure. Ikaondoa juma la siku saba. Watu waligawiwa makundi matano, na kila kundi likapewa siku yake ya kupumzika, ili viwanda visisimame kamwe. Kwa hesabu ilikuwa faida: mtu alipumzika kila siku ya tano badala ya kila siku ya saba. Lakini baba alipumzika leo, mama kesho kutwa, na watoto siku nyingine. Watu walinung’unika: ni pumziko gani, ikiwa nyumba ni tupu? Mwaka 1931 serikali iligeuza mpango na kuleta juma la siku sita, na mwaka 1940 ikarudi kwenye juma la siku saba na Dominika yake. Wafaransa nao, wakati wa mapinduzi yao, waliweka juma la siku kumi tangu mwaka 1793. Liliachwa hata kabla kalenda yao haijakoma mwisho wa mwaka 1805.

Mambo hayo yafundisha nini? Kwamba saa si kama franka. Franka ya leo na franka ya kesho ni sawa mfukoni. Lakini siku ya maziko ya nyanya haibadilishwi kwa siku nyingine. Siku ya ndoa ya ndugu, siku mtoto anapoanza kutembea, jioni baba anapokuwa na hamu ya kuongea: hizo hazingojei ripoti imalizike. Mkulima anajua hivyo katika shamba lake, maana wakati wa kupanda ukipita umepita. Konstantino alilijua alipowaruhusu wakulima. Basi, kama mbegu zina saa yao isiyorudi, je, watu si zaidi?

5. Bwana aliye ndani

Sasa jibu. Kijana alipochungua moyo wake usiku ule, kwanza alimshtaki mkubwa wa biro. Na ni kweli, mkubwa anayewaweka watu mpaka usiku bila lazima anaiba, ingawa haibi pesa. Ameiba jioni ya baba na watoto wake. Nchi nyingine zimeliona hilo: huko Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, sheria inayataka makampuni ya watu 50 na zaidi kupatana na watumishi wao juu ya haki ya kutofuatwa na simu na barua za kazi baada ya saa za kazi.

Lakini kijana alipoendelea kuchungua, aliona jambo lililomwaibisha. Mkubwa hakumwambia kamwe: «Kaa mpaka usiku.» Hakumkataza kwenda kuzika. Kijana hakuomba ruhusa! Aliogopa tu. Aliogopa kwamba stajieri mwenziwe ataonekana mwenye bidii kuliko yeye. Alipenda kusifiwa. Bwana aliyemfunga hakuwa katika biro. Alikuwa kifuani mwake. Na bwana wa namna hiyo ni mkali kuliko wote, kwa maana haangalii saa, wala hana sheria, wala hakuna mgomo unaomtisha.

Hapo yafaa kutenga mambo mawili yanayofanana kwa sura. Muuguzi anayekesha na mgonjwa hali amechoka, hakosi. Mama mjane anayeuza mkaa mpaka usiku ili watoto wale, hakosi. Wanaokosa ni wale wanaoweza kumsaidia nao hawamsaidii. Mkulima anayelima siku nzima mvua zinapoanza, hakosi. Upendo na lazima huvuta upinde sana, nao watu hustahimili. Lakini yule anayebaki katika biro ili aonekane tu, hamsaidii mtu yeyote. Kwa hiyo kipimo si saa peke yake. Kipimo chaweza kusemwa kwa ulizo moja: «Nikibaki hapa, kuna mtu anayesaidiwa, au ninaogopa tu kuonekana nimeondoka?» Na ulizo la pili ni ndugu yake: «Nikiondoka, nakwenda kwa watu, au nakimbia kazi tu?» Mvivu na mtumwa wa kazi huanguka pande mbili za njia moja, maana wote wawili hujifikiri wao wenyewe tu.

Wengine watasema: «Maneno hayo ni ya matajiri. Maskini hana nafasi ya kupima.» Neno hilo lina uzito, wala halifai kuchekwa. Maskini akikataa kazi, mwingine ataichukua. Lakini tazama walioudai mchana wa saa nane: je, walikuwa matajiri? Walikuwa waashi na watu wa viwanda. Maskini hana akiba ya pesa, hana akiba ya afya. Ana watu wake tu. Akiwapoteza hao kwa ajili ya kazi, siku kazi itakapomwacha atabaki na nini?

6. Kijana alivyoamua

Kijana hakuitupa kazi. Aliamua mambo matatu. La kwanza, afike kwa saa yake na kuifanya kazi ya siku kwa uangalifu wote, hata herufi ya mwisho, maana nyuma ya kila karatasi kuna mtu. La pili, saa ya kutoka ikifika na kazi imemalizika, asimame, amwage mkubwa kwa heshima, aende nyumbani. Lakini kukiwa na jambo la haraka la kweli, abaki bila kunung’unika. La tatu, simu ikae katika kikapu wakati wa chakula, na siku ya Mungu isifunguliwe kwa ajili ya biro.

Tena hakulifanya kwa kificho. Asubuhi moja alimwendea mkubwa wa biro akamwambia: «Mkubwa, naomba ruhusa ya kusema. Kazi yangu nitaimaliza kila siku. Lakini ikiisha, naomba kwenda kwa watu wangu. Na siku ile ya maziko ya nyanya yangu nilikosa kutokukuambia.» Mkubwa akamtazama kitambo, akajibu: «Hukuniambia kwamba umefiwa. Pole sana.» Halafu akaongeza: «Nimesikia. Tutaona.»

Mambo yalikwishaje? Watunga hadithi wangependa kusema kwamba alipewa nafasi. Hakupewa. Miezi ilipokwisha aliandikwa yule mwenziwe, aliyekuwa akibaki mpaka usiku. Wema hauleti malipo siku zote, na anayefundisha kwamba huleta daima anawadanganya watu, nao watauacha siku utakapowagharimu. Kijana alihuzunika. Alichukua barua yake ya kushuhudia staji, akaandika maombi katika biro nyingine, na mvua za mwezi wa 11 zilipoanza akarudi kijijini kumsaidia baba yake wakati wa kungojea majibu. Akazipanda karanga za nyanya katika mistari, kama alivyomfundisha zamani.

Baba yake akamwuliza kama anajuta kwa kuondoka mapema jioni zile, hata akaikosa nafasi. Kijana akainua mgongo, akafikiri. «Hapana, baba,» akajibu, «jioni zile sizijutii. Ninajuta siku moja tu ya posho.»

Maulizo ya kujibu pamoja

Je, ni kazi gani katika kijiji inayosaidia watu ambao mfanyakazi hatawaona?
Katika amri ya siku ya saba, kwa nini mtumwa, mgeni na mnyama wametajwa pamoja na bwana wa nyumba?
Mtu atajuaje kama anabaki kazini kwa upendo au kwa woga?
Je, nyumbani kuna mtu anayengojea saa ambayo hairudi?